Siku 90 naandika kila shilingi, na bado kuna 64,000 sioni zilikokwenda. Nisaidieni kulisoma daftari

#1 MamaWili_Ilazo
Wanajamvi, habari za jioni.

Niko Dodoma, Ilazo. Mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mtumba. Mume wangu ni fundi wa madirisha ya alumini. Tuna watoto wawili na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Tangu Januari naandika kila kinachotoka, hata limau la mia mbili. Nilianza kwa sababu kila ikifika tarehe 15 tulikuwa tunaulizana "hela imeenda wapi?", na swali hilo lilishaanza kutuletea maneno ndani ya nyumba.

Hii ndiyo Machi yetu.

Zilizoingia: mshahara wangu 640,000, mume 400,000. Jumla 1,040,000.

Zilizotoka: kodi ya nyumba 150,000 (tunaitenga kila mwezi kwa sababu mwenye nyumba anachukua ya miezi sita kwa mkupuo), chakula 338,000, mkaa na gesi 62,000, umeme na maji 48,000, nauli na boda 134,000, mambo ya shule 75,000, mshahara wa binti 70,000, michango ya harusi, msiba na kanisa 68,000, bando 31,000. Jumla 976,000.

Kwa hesabu hiyo zilitakiwa zibaki 64,000. Tarehe 31 mkobani hamkuwa na kitu, na simu ilikuwa inadaiwa. Watu husema "andika tu, utaona". Nimeandika miezi mitatu na sijaona. Wenye uzoefu, nakosea wapi?

#2 Bajaji_ya_Makole
Dada, unaandika saa ngapi? Ukiandika usiku ukiwa umechoka, nusu umesahau.

#3 Karani_Mstaafu
Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hongera kwa kulishika, mwanangu. Nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi, na naona upungufu mmoja mkubwa: daftari lako halina salio la kuanzia. Tarehe 1 Machi ulikuwa na kiasi gani mkononi, benki na kwenye simu? Ulikuwa unadaiwa na nani? Bila kujua ulikoanzia huwezi kusema kuna hela imepotea. Labda uliianza Machi ukiwa chini ya sifuri.

La pili, hiyo 640,000 umeisoma kwenye hati ya mshahara au ndiyo iliyotoka benki? Kuna PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi ya mapato, na kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo kuna asilimia 8 tena.

#4 Kijana_wa_Chimwaga
Shikamoo mzee. Ya Bodi ya Mikopo siyo 8 tena. Sheria ilibadilishwa 2016, ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Dada yangu wa kwanza anakatwa hiyo na anaisikia vizuri sana.

#5 Karani_Mstaafu
Marahaba. Nimesahihishwa, ni 15.

#6 MzeeWaMiyuji
Mnazunguka mbuyu. Anza na huyo binti wa kazi. Chenji za sokoni ndiyo shimo la nyumba nyingi. Leo mia tano, kesho elfu moja, mwisho wa mwezi inafika hiyohiyo 64,000 unayoitafuta.

#7 Muuza_Nyanya_Sabasaba
Mzee wa #3, mali bila daftari hupotea, sawa. Na daftari bila mali je? Mimi nina daftari zuri kabisa. Linaonyesha kwamba mtaji wangu ni 120,000, na mwaka jana nilikopa 200,000 ile mikopo ya kausha damu ili nijaze meza. Rejesho kila siku. Niliandika kila rejesho na tarehe yake. Kuandika hakukupunguza hata shilingi moja. Siku mvua ikinyesha na wateja wasipokuja, afisa wao alikuja hivyohivyo na kukaa kwenye ndoo yangu mpaka nimpe.

Wengi humu tatizo letu siyo kujua hela imekwenda wapi. Tunajua. Ni ndogo.

#8 Bajaji_ya_Makole
#7 umesema kweli dada. Mimi hesabu ya tajiri, yaani mwenye bajaji, ni 20,000 kwa siku, nipate nisipate. Daftari la mwezi halinisaidii kwa sababu sina mwezi, nina siku. Ninachofanya nina makopo matatu ya maziwa ya unga. La kwanza hesabu ya tajiri, la pili mafuta na ufundi, la tatu nyumbani. Hela ikiingia asubuhi inajaza la kwanza mpaka litosheke ndipo naanza la pili. Sijawahi kuandika chochote, na mwaka wa tatu huu sijalala na hesabu ya mtu.

#9 Karani_Mstaafu
Kijana, hayo makopo ndiyo daftari. Umeandika kwa makopo.

#10 Binti_Kondoa
Nimesoma #6 nikashindwa kupita.

Nimefanya kazi za ndani Area C miaka minne. Sasa nina kibanda changu cha chakula. Mama niliyekuwa kwake alikuwa anaandika matumizi kama dada wa #1, na kila asubuhi alinipa hela iliyohesabiwa kwa bei za mwezi uliopita. Nyanya fungu 500, kitunguu 500, mchicha 300, dagaa 1,000. Nafika gengeni, fungu la nyanya limekuwa 1,000 kwa sababu ni kiangazi. Ningefanyaje? Nikirudi bila nyanya nimekosea. Nikisema zimepanda, naambiwa nimekula chenji. Basi nilikuwa natoa mia tano yangu. Mshahara wangu ulikuwa 40,000, na nadhani kila mwezi elfu nne au tano zangu ziliingia kwenye sufuria ya ile nyumba. Kwenye daftari la mama ilionekana anajua kubana matumizi.

Siku moja alikosa 10,000 akanipekua begi mbele ya watoto. Ikaonekana wiki ileile, ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya baba iliyopelekwa kufuliwa. Hakuna aliyeniambia pole.

Kwa hiyo mama Wili, kabla hujamfikiria binti wako, muulize kwa upole kama anaongezea. Jibu linaweza kukushangaza.

#11 Mwl_Chamwino
Pole sana #10. Mzee wa Miyuji, soma hapo juu.

#12 MzeeWaMiyuji
Nimesoma. Sikusema wote. Ila pole mwanangu, hilo la begi halikuwa haki.

#13 Mtaalamu_wa_Luku
Wakati mnabishana, nikumbushe makato ambayo hakuna anayeyaandika. Umeme unanunua wa 10,000, unapata uniti za pungufu kwa sababu ya kodi ya jengo, 1,000 kila mwezi.

#14 Kijana_wa_Chimwaga
Ilianza 1,000 Agosti 2021. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Na hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji ukikatwa kwenye luku, mnaelewana akupunguzie kwenye pango. Kwa mwaka ni 18,000.

#15 Mtaalamu_wa_Luku
Asante kijana. Mwenye nyumba wa Dodoma akupunguzie 18,000? Tangu wizara zihamie huku chumba cha Ilazo unakigombea na watu watano.

#16 Kijana_wa_Chimwaga
Ongea naye kabla hujalipa ile ya miezi sita. Mimi nilifanikiwa.

#17 MamaWili_Ilazo
Asanteni wote. Nimesoma kila kitu, na jana nilikaa na daftari mpaka saa tano usiku.

Mzee karani, 640,000 ndiyo iliyotoka benki, makato yote yameshapita. Salio la kuanzia kweli sikuwa nalo.

Nimefanya kitu kingine. Niliomba taarifa ya miamala ya Machi kwenye laini yangu, nikaipitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Nilikuwa naandika "nimetuma kwa mama 20,000" bila kuandika ada ya kutuma. Kuna wiki nilikuwa natoa kwa wakala 10,000 mara tano badala ya 50,000 mara moja, na kila mara kuna ada. Kilichoniumiza zaidi ni ile huduma ya kukopeshwa salio likipungua. Nilikuwa naitumia bila kujihesabu kuwa nakopa, na hela ikiingia inajikata yenyewe pamoja na ada yake. Jumla ya ada na makato yote: 26,300.

Kwa hiyo 64,000 toa 26,300, inabaki 37,700.

#18 Bajaji_ya_Makole
26,300! Hiyo ni gesi ya mtungi mdogo dada.

#19 Dada_wa_Kibaigwa
Tatizo la nyumba hii nimeliona kwenye mstari wa chakula, na hakuna aliyeligusa. 338,000 kwa watu watano. Mama Wili, unga unanunua kilo ngapi kwa mara moja?

#20 MamaWili_Ilazo
Kilo mbili, wakati mwingine tano. Mafuta ya kupima. Mkaa kwa kopo.

#21 Dada_wa_Kibaigwa
Ndiyo hapo. Unanunua kama mtu asiye na mshahara wakati unao. Kila kinachopimwa kidogokidogo kina faida ya mtu aliyekivunja kutoka kwenye gunia.

Huku kwetu Kibaigwa soko la nafaka linachangamka kuanzia Juni. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mahindi yanavunwa kwa pamoja na bei inashuka kwa pamoja. Julai mwaka jana nilimnunulia mdogo wangu aliyeko Nkuhungu magunia mawili ya kilo 100, kila moja 58,000. Februari mtaani kwake gunia kama lile lilikuwa 95,000, na wanaonunua unga wa kilo moja moja walikuwa wanalipa zaidi ya hapo. Anasaga dona debe moja moja. Akitaka sembe anakoboa, pumba anauza kwa mwenye kuku. Mwaka mzima hajasimama dukani kuulizia unga. Mchele pia, akipita Bahi wakati wa mavuno anabeba.

Kuandika matumizi bila kubadilisha namna ya kununua ni kupima homa bila kumeza dawa.

#22 Muuza_Nyanya_Sabasaba
Na mwenye 3,000 kwa siku anunue gunia kwa kutumia nini?

#23 Dada_wa_Kibaigwa
Wanawake wanne mkiungana kupitia kikoba, kila mmoja debe lake. Tumeshafanya.

#24 Fundi_Nkuhungu
Niliwahi kuweka magunia matatu chumbani. Kufika Oktoba nilikuta vumbi. Scania walishamaliza.

#25 MamaWili_Ilazo
Scania ndiyo nini?

#26 Mwl_Chamwino
Ni dumuzi, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa mahindi mpaka yanakuwa unga. Aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima walimpa jina la lile lori, na kweli anakomba ghala zima. Fundi, usiweke kwenye kiroba cha kawaida. Tumia ile mifuko ya tabaka tatu. Kausha mahindi vizuri, jaza, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Mdudu aliyebaki ndani anakosa hewa anakufa, huhitaji kuweka sumu. Mimi nakaa nayo mpaka Machi, ila panya usiwaache wausogelee. Ukishatobolewa basi.

#27 Fundi_Nkuhungu
Shukrani mwalimu. Naomba tusogee kwenye jambo ambalo wanaume humu wanalikwepa.

Mke wangu naye alianza daftari. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu kila nikirudi anauliza "leo umetumia ngapi?", nami nimetoka juani kwa watu ambao hawajanilipa. Kazi ya ufundi haina tarehe 23 ya mshahara. Leo napata 80,000, halafu siku nane sipati kitu. Nilianza kumtajia wastani ili nisionekane nimeshindwa. Nikipata 30,000 nasema 40,000, nikitegemea kesho nitafidia. Sikuwa namdanganya kwa ubaya. Lakini daftari lake lilikuwa na hela ambazo hazikuwahi kuwepo.

Mama Wili, hiyo 400,000 ya mzee ni mviringo sana. Alikupa mkononi, au ndiyo aliyosema?

#28 Binti_Kondoa
Fundi, umesema jambo zito.

#29 Mama_Kisasa
Nipo upande wa pili wa hilo. Mimi ndiye niliyekuwa naficha. Nilikuwa na kibubu chini ya kitanda na mchezo wa wanawake kumi, 10,000 kila wiki, mume hajui. Kwenye daftari la nyumba nilikuwa naziingiza kwenye "mboga". Mboga za nyumba yetu zilikuwa ghali kuliko nyama! Sikuficha ili nile peke yangu. Mama yangu alifiwa akaachwa bila kitu, na nilijiapiza. Siku mtoto alipolazwa, kibubu kile ndicho kilichotulipia, na ndipo nilipomwambia mume ukweli. Alikaa kimya siku mbili. Sasa kuna mstari kwenye daftari unaitwa "akiba ya mama", na hauulizwi.

Sijui kama daftari linatakiwa kuonyesha kila kitu. Mpaka leo sijapata jibu.

#30 Mwl_Chamwino
Kwangu mimi lionyeshe kila kitu. Ndoa yenye vitabu viwili ina nyumba mbili.

#31 Mama_Kisasa
Mwalimu, wewe hujaachwa na watoto wanne.

#32 Kijana_wa_Chimwaga
Wachina wana daftari la nyumba linaitwa kakeibo. Unaandika kwa mkono, siyo kwenye simu, na mwisho wa mwezi unajiuliza maswali.

#33 Karani_Mstaafu
Leo zamu yangu kukusahihisha. Ni Wajapani. Aliyelianzisha ni mwandishi wa habari mwanamke, Hani Motoko, mwaka 1904. Alilitunga ili mama wa nyumbani apange mwezi kabla hela haijatoka. Sisi tunaandika baada ya kutoka, ndiyo maana daftari linakuwa la majuto.

#34 Kijana_wa_Chimwaga
Nimekubali mzee. Sasa ni bao moja kwa moja.

#35 Mtaalamu_wa_Luku
Kuna anayejua zabibu za awamu hii zimeanza kushuka bei? Nataka kupeleka Dar na treni ya SGR wikiendi.

#36 Dada_wa_Kibaigwa
Fungua uzi wa zabibu kaka, huku tunatafuta 37,700.

#37 MamaWili_Ilazo
Narudi na majibu.

Fundi wa #27, nilimsomea mume wangu maneno yako bila kumtajia yametoka wapi. Alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaenda kuleta kitabu chake cha kazi. Machi alinipa 375,000. Mimi niliandika 400,000 kwa sababu Januari na Februari alitoa hiyo, nikaacha kuuliza. Hakunidanganya. Niliandika nilichozoea.

37,700 toa 25,000. Inabaki 12,700.

Halafu nilimuuliza binti wetu, kwa namna aliyoniambia Binti Kondoa. Nilimkalisha, nikamwambia sitafuti mwizi. Akaniambia hela ya mboga isipotosha huwa anachukua kwa mangi, na mangi anaandika. Nilikwenda dukani. Mangi ana daftari kubwa lenye ukurasa wa nyumba yetu, juu ameandika "Mama Wili". Tunadaiwa 18,400. Sukari, viberiti, sabuni, mayai. Vyote vya Machi, na kwenye daftari langu hakuna hata kimoja.

Nimesimama pale dukani nikiona nyumba yangu inajulikana vizuri zaidi kwenye daftari la mtu mwingine.

#38 Mtaalamu_wa_Luku
Basi umeipata! 12,700 iko ndani ya hiyo 18,400.

#39 Karani_Mstaafu
Hapana, mwanangu. Deni la mangi halijalipwa, kwa hiyo halijatoa hela mkobani. Haliwezi kueleza hela iliyopotea. Linaeleza hela itakayopotea Aprili. Usichanganye.

#40 Dada_wa_Kibaigwa
Lakini mzee, walikula Machi. Kama lengo ni kujua nyumba inakula kiasi gani, chakula cha Machi ni 338,000 na 18,400 juu yake.

#41 Karani_Mstaafu
Kwa kujua gharama ya nyumba, ndiyo. Kwa kutafuta fedha taslimu, hapana. Ni maswali mawili.

#42 Bajaji_ya_Makole
Kwa kopo langu ni swali moja. Kopo la tatu likiisha, limeisha.

#43 Fundi_Nkuhungu
12,700 waulize watoto. Wangu walikuwa wanapewa mia tano tano na bibi yao, nami nawapa mia tano tano nyingine wanunue barafu. Hakuna anayeandika hela ya barafu.

#44 Mama_Kisasa
Au sadaka. Ya kwenye bahasha unaandika, ya kapu unasahau.

#45 Muuza_Nyanya_Sabasaba
Au ni sisi wa gengeni, tunazungusha kwenda juu mkikosa chenji. Nasema kweli, mia mia huwa zinabaki kwetu.

#46 Binti_Kondoa
Mama Wili, binti umemwambia nini baada ya ile ya mangi?

#47 MamaWili_Ilazo
Nilimwambia asante kwa kutotuacha bila chakula. Deni la mangi nalilipa tarehe 23. Mume kasema Julai tunakwenda Kibaigwa na pikapu ya rafiki yake, gunia mbili, na mifuko ya mwalimu.

Jana nilinunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeweka salio la kuanzia kama alivyosema mzee, pamoja na deni la simu na la mangi. Nimelitundika kwa kamba kwenye msumari wa jikoni, na kalamu, ili anayetumia aandike palepale. Nikamwambia binti nawe andika, kila kitu, hata cha mia.

Leo asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuta mstari wa kwanza ni mwandiko wake:

"Mchicha 500. Nyanya 1,000. Chumvi 500, hela yangu."